Tundu Kwenye Blanketi la Ntate

Historia ya Wasotho naijua yote, tangu mfalme wao wa kwanza alipopanda mlimani hadi siku Mwingereza alipofungasha virago. Niulize lolote. Ila uniulize upesi, maana nimeijua kwa mchana mmoja tu, nikiwa jikoni kwa Saida nageuza sambusa, na kila mafuta yalipopiga kelele kipande cha historia kilinipita.

Nyumba yenyewe ni ya Masika, fundi makochi, mtu wa Tanga, hapa Jeppestown, Afrika Kusini, nyuma ya gereji. Mbele ni karakana. Nyuma ni vyumba vyake yeye na mkewe Saida na binti yao Samira, na kimoja cha pembeni nimepanga mimi. Baina ya chumba changu na chao kuna ubao. Sisemi kwamba huwa nasikiliza. Nasema ubao ni mwembamba.

Masika ni mtu mpole, ana kiburi kimoja tu, nacho ni mshono. Kochi lililoliwa na panya, kiti kilichochanwa kwa kisu katika ugomvi wa hosteli, vyote huingia pale vikatoka kama vimezaliwa jana. Mteja akija kuchukua chake, Masika humwambia, "Nitafutie nilipopita na sindano. Ukipaona, chukua bure." Wakongo wamepatafuta, Wazulu wamepatafuta, hata mimi na miwani yangu nimepatafuta. Hakuna aliyechukua bure.

Na kazi hii hapa mjini ina desturi yake. Fundi hana mtaji wa kuweka majora ya vitambaa, kwa hiyo mteja huleta kiti leo, kitambaa hukileta kesho. Kitambaa kikija kinawekwa juu ya kiti chenyewe, kisije kikachanganyika na cha mtu mwingine. Shika hapo, maana ndipo tulipoponzeka.

Samira alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kisotho, Tumelo, mchomelea vyuma. Kijana amesilimu, anafunga Ramadhani kuliko baadhi ya watu wa Tanga ninaowajua na sitawataja. Baba yake amekwisha kufa, kwa hiyo mwenye neno kwao ni mjomba wake, Ntate Motlalepula. Ntate kwao ndiyo baba, na huyu hata wanaomzidi umri humwita hivyo. Ujana wake wote alichimba dhahabu chini ya ardhi, uzeeni analinda nyumba ya watu Kensington, anaishi kichumba cha nyuma. Alipoambiwa habari za Samira aliuliza swali moja tu: "Wasichana wa kwetu Maseru wamekwisha?" Baadaye akakubali, lakini shingo upande. Siku ya kuja kumtazama bibi harusi ikapangwa Jumamosi. Akiridhika, ndoa. Asiporidhika, Tumelo hana mzee mwingine hapa mjini wa kumsemea, na kwao kijana asiyesemewa haoi.

Jumanne Tumelo alileta kiti cha mjomba wake kwenye bakkie, yaani pikapu, kitambaa kimelika, springi zimetokeza kama mbavu za punda. Masika akasema atakitengeneza bure, zawadi kwa mkwe. Jumatano mzee akaja mwenyewe, kofia kichwani, mfuko wa plastiki mkononi, kiko mdomoni hakina moto, maana wenye nyumba ya Kensington wamemkataza moshi naye ameamua kukinyonya kitupu. Karakana imejaa vumbi la sponji, cherehani inanguruma. Akatafuta mahali safi pa kuweka mfuko. Kitu pekee alichokifahamu mle ndani kilikuwa kiti chake mwenyewe. Akauweka pale.

"Hii ni ya Jumamosi," alisema kwa Kizulu chake cha mgodini. "Iangalie vizuri, baba."

"Sharp, Ntate," alijibu Masika. "Utafurahi mwenyewe."

Hakuna neno lililokosewa. Kilichokosewa ni mahali pa kuweka mfuko.

Ndani mlikuwa na blanketi la sufu, zito, rangi ya udongo mwekundu, lina michoro ya magunzi ya mahindi na mistari iliyonyooka, na pini moja kubwa kama ya kufungia gunia. Pini Masika akaitupa kwenye kopo la pini. Akalipapasa lile sufu kwa vidole viwili, akamwita mkewe.

"Mama Samira, njoo uone. Watu hawa wana pesa. Kitambaa cha kiti kizito namna hii."

"Kina tundu," alisema Saida.

Kweli, upande mmoja palikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya kunde, kingo zake zimeungua. Masika akacheka. Akachomoa nyuzi kwenye ukingo wa lile lile blanketi, akalifuma tundu uzi kwa uzi mpaka likawa halijawahi kuwapo. Kisha akachukua mkasi.

*

Alhamisi jioni Samira alirudi kutoka duka la dawa anakofanya kazi, akapitia karakana. Binti huyu alizaliwa hapa, Kiswahili anakielewa chote lakini akizungumza humtoka kimepinda kidogo.

"Baba, Ntate alileta blanketi?"

"Blanketi gani?"

"Lile ya ukoo. Tumelo anasema mjomba aliileta jana, mimi nijifunze kuivaa." Akaangaza huku na huku. "Kwao mke akija, wakwe wanamfunika. Hii ni special. Babu mkubwa wa Ntate aliivaa kwenye vita, ile vita ya bunduki. Mpaka iko na tundu ya risasi."

Masika alikuwa amepiga magoti anagongomea misumari ya mwisho. Nyundo ikabaki hewani. Mbele yake kilikuwa kiti cha Ntate Motlalepula, kizuri ajabu, magunzi ya mahindi yamekaa sawasawa kwenye mgongo, mikononi na kwenye kalio.

Samira akakiona. Hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni kwenye mabaki ya sponji, akasema, "Eish, Baba."

Saida alitoka jikoni na mwiko, na mimi nikatoka chumbani kwangu kuja kuazima chumvi, kwa bahati tu.

"Kimetokea nini?" aliuliza Saida.

"Nimemkata babu yao vipande vitano," alisema Masika.

"Na mistari umeilaza," alisema Samira. "Mistari inasimama, Baba, ndiyo uzao ukue. Ukiilaza, mtu anadumaa."

"Nililaza kwa sababu ya umbo la kiti."

"Basi kiti hakitakua," alisema Saida, na hakuna aliyecheka ila mimi, nikajifanya nakohoa.

Samira akaeleza alivyoelezwa. Kwamba zamani hizo serikali ya Waingereza ya huko Cape iliwaamuru Wasotho wasalimishe bunduki zao, bunduki walizozinunua kwa jasho la migodi ya almasi, nao wakakataa. Kwamba babu mkubwa alishika yake, akajifunga blanketi, akapanda farasi. Kwamba Ntate Motlalepula humwonyesha kila mtoto wa ukoo lile tundu, na mtoto huingiza kidole humo, na hapo ndipo huwa Msotho kamili.

"Tundu," alisema Masika polepole. Akageuka akatazama mkono wa kushoto wa kiti.

"Usiniambie," alisema Saida.

"Nimelifuma."

Simu ya Samira ikalia. Alikuwa Tumelo, anauliza kama blanketi amelizoea. Samira akatazama kiti, akatazama baba yake. "Ndiyo, nimezoea," alisema. "Imekaa vizuri sana. Hata haisogei."

*

Ijumaa asubuhi Saida akamvuta mumewe hadi mjini, kwenye maduka ya jumla. Alisema blanketi ni blanketi, haliwezi kukosa ndugu. Na kweli walilikuta lenyewe, nyuma ya kioo: magunzi yale yale, mistari ile ile, rangi ile ile ya udongo. Bei yake ilizidi kiti na mwenye kiti, lakini Saida alikuwa amefungua pochi la ada za chama cha kuzikana analolitunza, akasema marehemu wavumilie.

"Mchoro huu wa mahindi ni wa zamani?" alimwuliza dada wa dukani.

"Unatoka kila mwaka, mama. Hata bibi yangu alikuwa nao."

Saida akamgeukia mumewe. "Kila mwaka, Baba Samira. Umesikia? Na lile letu, mbona lina rangi hivi kwa kitu cha enzi za mababu? Kanga yangu ya arusi tu imekwisha kuwa dekio."

"Vya zamani vilikuwa imara."

"Sawa, vilikuwa imara. Tununue hili, tulitoboe kwa sigara, yaishe. Wale watoto wataingiza vidole, nani atajua?"

Masika alilipapasa lile blanketi jipya. Lilikuwa zuri. Akalirudisha.

"Nitajua mimi," alisema. "Mtu ameniletea kitu cha babu yake, mimi nimrudishie cha dukani na uongo ndani yake? Na tundu nichome kwa mkono wangu mwenyewe? Mimi ninaziba, Mama Samira. Maishani mwangu sijatoboa kitu cha mtu."

"Umekikata."

"Nilikikata kwa ujinga. Ujinga una dawa."

Walipokuwa wanatoka, askari wa mlangoni akamzuia Saida. Alimwomba afungue mkoba, kisha amwonyeshe chini ya baibui, watu wanapita wanatazama. Alikuwa kijana wa Kongo, na alipowasikia wanasemezana alishusha sauti.

"Mama, unisamehe. Ni kazi ndiyo inanituma."

"Tazama vizuri, mwanangu," alisema Saida, amenyoosha shingo kama malkia. "Humo kuna aibu tu, na hiyo hatujaiiba dukani kwenu."

Mchana kutwa mlango wa karakana ulifungwa. Masika alirudi kutoka msikitini, akafumua kiti chote, akatandaza vipande kwenye meza, akaviunganisha kwa sindano ya mkono, uzi ule ule wa sufu yenyewe, mstari kwa mstari, gunzi kwa gunzi. Sikuona mtu akishona vile. Alishona kama anayemwomba mtu radhi. Kiti kilichobaki uchi kikavishwa pazia la kijani la sebuleni kwa Saida, kwa hiyo dirisha likabaki uchi badala yake. Magharibi ilipoingia blanketi lilikuwa zima. Nililipeleka kwenye mwanga, nikalivuta huku na huku. Sikuona kitu.

"Na tundu?" nilimwuliza.

"Tundu siwezi," alisema. "Namwomba Mungu mzee asilitafute."

*

Jumamosi walikuja wanne: Ntate Motlalepula kwa koti na kofia na kiko chake kikavu, Tumelo, jamaa mmoja dereva ambaye alikula sana na hakusema lolote, na dada yake mkubwa Ntate, Mme Mamosa (Mme kwao ndiyo mama), kikongwe aliyeletwa jana yake kutoka kwao Mafeteng na hakutaka kushikwa mkono. Alijifunga blanketi lake mwenyewe kifuani, akakaa penye pembe, akanitazama kule jikoni. Mimi na yeye tukafahamiana mara moja. Wazee wenye macho ya kuiba hujuana.

Ntate alioneshwa kiti chake. Alikikalia, akapapasa mikono yake ya kijani.

"Kitambaa kizuri."

"Ni cha hapa hapa nyumbani, Ntate," alisema Saida, amesimama akiziba dirisha kwa mgongo.

Maneno yalikuwa yakipita kwa Tumelo na Samira, Kisotho kikiingia Kizulu, Kizulu kikiingia Kiswahili, kwa hiyo nayaandika yalivyonifikia. Masika alimwuliza mgeni jina lake lina maana gani. Akaambiwa ni yule aliyekuja na mvua. Masika akasema basi wao ni wajina, maana na yeye alizaliwa masika ndiyo akaitwa hivyo. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza, upande usio na kiko. Nikasema moyoni, imekwisha vizuri, niweke sambusa mezani.

Kisha Samira akaingia. Alijifunga lile blanketi, mistari imesimama, pini kubwa kifuani, uso ameinamisha. Hata mimi niliyelijua blanketi lile likiwa kalio la kiti nilisahau. Ntate akasimama, akavua kofia. Na hapo ndipo historia ilipoanza.

"Mnaona hili?" alisema. "Mfalme wetu alikuwa na mlima, juu yake ni tambarare kama meza hii. Kila mwenye nguvu aliujia. Lilikuja jeshi la Wandebele, likashindwa kupanda. Lilipokuwa linarudi kwao na njaa, mfalme akalipelekea ng'ombe wanono. Akasema, najua ni njaa iliyowaleta, kuleni mwende salama. Mfalme gani mwingine alimshinda adui kisha akamlisha?"

"Hakuna," alisema Masika, na alimaanisha.

"Wakaja Makaburu na mizinga. Kamanda wao alifia njiani kabla hajafika juu. Mlima hawakuupata, lakini mashamba yetu ya ngano ng'ambo ya mto waliyachukua, mpaka leo wanaoka mikate yao kwa udongo wetu. Mfalme alikuwa amezeeka. Akamwita malkia wa Waingereza amkinge. Huyo naye, badala ya kutukinga, serikali yake ikatukabidhi kwa watu wa Cape, bila kutuuliza, kama unavyompa jirani mbuzi akuchungie."

Mafuta yakapiga kelele hapa, nikapoteza mfalme mmoja au wawili.

"Watu wa Cape wakasema, leteni bunduki. Tukasema, njooni mzichukue. Walikuja. Wakapigana mpaka hazina yao ikawa tupu, wakachoka, wakaturudisha kwa malkia kama mtu anayerudisha mbwa anayeuma. Kwa hiyo walipounda Afrika Kusini yao, sisi hatumo. Tazameni ramani. Nchi hii yote ni blanketi moja kubwa, na katikati yake kuna tundu. Tundu hilo ni sisi. Limezungukwa pande zote, na hajazaliwa fundi wa kulishona."

Masika, ambaye alikuwa amekwisha kusahau shida zake, alipiga paja lake. "Kwetu Pangani," alisema, "Mjerumani alileta bendera yake, wazee wakamkatalia."

"Walimkatalia?"

"Mpaka alipoleta manowari."

"Basi tunaweza kuoana," alisema Ntate, na sebule nzima ikacheka. "Samira, mwanangu, njoo. Geuka. Hapa pembeni ndipo risasi ya Cape ilipopita, babu mkubwa akiwa juu ya farasi. Tia kidole, uwe wa kwetu."

Akashika upindo. Akatafuta. Akaushika upindo mwingine, akatafuta. Akamgeuza Samira huku na huku kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Kwa mara ya kwanza duniani mtu alikuwa anautafuta mshono wa Masika kwa moyo wake wote, na Masika akiomba auone, naye haoni kitu.

Ntate akaachia upindo. Uso ukabadilika.

"Hili si langu."

"Ntate," alisema Tumelo.

"Nyamaza. Hili ni jipya, zima, halina alama. Langu mmeliuza." Alimwelekea Masika, na ile sauti ya wajina haikuwapo tena. "Waliniambia kuhusu nyinyi wageni, nikasema hapana, hawa ni waungwana. Mmeuza kitu cha ukoo wangu mkaninunulia cha dukani. Tumelo, chukua kiti. Tunaondoka."

Dereva akasimama na sambusa mbili mkononi. Samira hakulia, lakini niliona vidole vyake vimeishika ile pini vikawa vyeupe. Saida akafungua mdomo, na mimi namjua Saida, uongo ulikuwa tayari uko kwenye ulimi, mzuri, umepigwa pasi.

Masika akamtangulia. Alikwenda kwa binti yake, akaushika upindo wa blanketi, akaupeleka dirishani, pale lilipokuwa pazia.

"Njoo uone, Ntate," alisema. "Fungu hili na hili yalikuwa vipande viwili. Shika. Hapa uzi umeingia, hapa umetoka. Na hapa. Na hapa."

Nimeishi na mtu huyu ukuta mmoja miaka na miaka, sijapata kumwona akimwonyesha mtu alipopita na sindano. Ilikuwa kama anavua kanzu mbele ya wakwe.

"Ni lako. Nililikata mimi. Nilidhani ni kitambaa cha kiti, ulikiweka juu ya kiti. Nikakifunika kiti nalo, nilipojua nikalifumua nikalishona. Na hapa," akaweka kidole, "ndipo palipokuwa na tundu. Nililiziba kabla sijajua kitu. Jipya lilikuwapo mjini, la aina hii hii. Sikutaka kukuletea uongo. Ukiondoka, ondoka, lakini ujue kwamba sikukuibia."

Ntate alipaangalia pale kwa muda mrefu. Alipapapasa. Alikuwa ameamini, na kule kuamini kulimwumiza zaidi.

"Makaburu walishindwa," alisema. "Cape walishindwa. Wewe ukalikata liwe kalio la kiti. Na risasi ya babu ukaifuma."

"Nimeifuma, Ntate. Nisamehe."

"Damu yake ilikuwa kwenye tundu lile."

Hapo kule pembeni kukasikika sauti kama ya kuku anayetaka kutaga. Alikuwa Mme Mamosa. Alikuwa anacheka, na kicheko kilikuwa kimemkaba. Akanyoosha mkono, Samira akamwendea, kikongwe akalishika blanketi, akalipeleka puani pale palipofumwa, akanusa.

"Ee fundi," alisema. "Tundu lilikuwa kubwa kiasi gani?"

"Kama punje ya kunde, Mme."

"Kingo zimeungua?"

"Zilikuwa zimeungua."

"Na wewe hukuuliza risasi gani huunguza sufu kama kaa la moto." Akamkaza Samira pini kifuani, akamnyoosha mistari mabegani, taratibu, kama mtu asiye na haraka. "Babu mkubwa alipigana, mwanangu, hilo lishike. Farasi wake alikuwa mweusi. Bunduki hakuitoa mpaka anaingia kaburini, na hakuna mtu wa ukoo wetu anayeona haya kwa jambo lolote alilolitenda siku zile. Nchi tunayo kwa sababu yake na wenzake. Lakini blanketi lake alizikwa nalo, kama anavyozikwa kila mwanamume wa kwetu. Huyu mdogo wangu alikuwapo wakati mama anatusimulia, au alilala?"

Ntate Motlalepula akaizungusha kofia mikononi.

"Hili nilimnunulia mimi Mafeteng, aliporudi kutoka mgodini na kifua kibovu, asife kwa baridi. Sasa lina historia, limeshonwa na baba wa bibi harusi. Huyu binti nimemfunika, na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo hakuna anayeondoka. Kaa chini, Motlalepula. Ila kabla hujakaa, uwaambie wakwe zako. Risasi ya Cape ilikukuta wapi, kitandani?"

Tumelo alitazama viatu vyake. Ntate alitazama dirisha, akaona halina pazia, akatazama kiti chake, akaliona pazia lilipo, na hilo nalo halikumsaidia. Akachomeka mkono upesi mfukoni mwa koti kukificha kile kiko, akapekua mfuko huu, akapekua na ule wa pili, na sote tulikuwa tunakitazama, kikiwa pale pale kinapokaa siku zote, kinamning'inia mdomoni.